Kitu Kisichotengenezeka Hakijatengenezwa

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachowasumbua wanafunzi wa tafsiri tangu mwaka wa kwanza, nacho ni kutengeneza. Seremala anayeunda kiti kipya anatengeneza kiti. Seremala huyo huyo akirudishia mguu kiti kilichovunjika, anatengeneza kiti vilevile. Mfasiri anayevipeleka vitendo hivi viwili katika Kiingereza hana budi kutafuta vitenzi viwili, na sentensi ikiwa fupi hukosa pa kushika. Jina la mtenda nalo halimwauni: fundi ni yule anayeunda, na fundi ni yule anayekarabati.

Aghalabu hali hii hutajwa darasani kama utata wa kileksia, jambo la kutatuliwa kwa muktadha kisha likasahauliwa. Binafsi nimeanza kuiona kwa jicho jingine. Kutengenea ni kuwa katika hali ya kufaa, kukaa sawa. Kutengeneza, basi, ni kukifanya kitu kikae sawa. Aliyekiweka sawa mara ya kwanza na aliyekirejesha baada ya kuharibika wamefanya kazi moja, mmoja leo na mwingine kesho. Dai langu katika makala haya ni kwamba viwanda vya zama zetu vimekipasua kitenzi hiki vipande viwili, vikajitwalia kipande cha kwanza na kukifuta cha pili, na kwamba mazingira ndiyo yanayolipia mpasuko huo. Nitadai pia kwamba suala hili linatuhusu sisi wa idara za Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Naomba nianze na kisa changu, maana ndicho kilichoniamsha.

Miaka miwili iliyopita nilifunga safari hadi Faza, katika kisiwa cha Pate, kukusanya ngano na visa vya baharini kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Sikuwa na kinasa sauti. Nilitumia simu yangu, simu nyembamba ya kisasa niliyoinunua kwa akiba ya miezi mingi. Kwa siku tisa nilirekodi takriban saa kumi na moja za masimulizi. Sehemu kubwa ilitoka kwa bibi mmoja mwenye zaidi ya miaka themanini, aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza na ambaye hakukubali kuanza kusimulia kabla sijanywa chai yake. Alisimulia kwa Kitikuu, polepole, akirudia pale alipoona kalamu yangu imechelewa.

Nilirejea Nairobi, na baada ya majuma kadhaa simu ikaanza kuvimba mgongoni. Betri ilikuwa imefura. Nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na barabara ya Luthuli, kijana ninayemwamini kwa kuwa hajawahi kunidanganya kuhusu bei. Aliigeuzageuza mkononi akitafuta skrubu, asiione hata moja. "Mwalimu," akaniambia, "hii haikufungwa, ilibandikwa." Betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi nyuma ya kioo, na ili kuifikia ilibidi kioo kipashwe moto hadi gundi ilegee. Kioo kikapasuka. Betri mpya ilipotiwa, simu ikakataa kuwaka. Nikamsihi anitolee angalau kumbukumbu iliyohifadhi sauti zangu. Akanionyesha kijiwe cheusi kilicholehemewa kwenye bodi: kumbukumbu ilikuwa humo, na bodi isipokuwa hai hakuna mtu wa mtaa ule angeweza kuisoma.

Nilikuwa nimenakili saa tatu tu katika kompyuta ya idara. Zilizosalia zimo ndani ya kijiwe kile mpaka leo. Bibi yule alifariki kabla sijapata nauli ya kurudi Faza.

Msomaji ana haki ya kusema kwamba kosa ni langu, nami sitabishana naye. Mtafiti asiyenakili data yake kila jioni hana wa kumlaumu. Lakini hebu tutazame kilichokufa na kilichoua. Kilichokufa kwanza ni betri, kifaa ambacho kila mhandisi anajua kwamba kitachoka baada ya miaka michache. Kioo kilikuwa kizima, bodi ilikuwa nzima, kamera ilikuwa nzima, sauti za wazee zilikuwa salama. Sehemu moja yenye umri mfupi ilizivuta kaburini sehemu zote zenye umri mrefu, kwa sababu tu zilikuwa zimegandishwa pamoja.

Hapa ndipo wanapoingia wasanifu wanaotetea kile kiitwacho usanifu wa kimoduli. Neno moduli twalijua vyema vyuoni, ingawa kwa maana nyingine: kijitabu cha masomo ya mbali, au ule mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo ambao ulizua majina mengi ya utani. Katika usanifu wa bidhaa, moduli ni sehemu ya kifaa yenye kazi yake mahususi, iliyounganishwa na sehemu nyingine kwa kiungo kinachofahamika, hivi kwamba yaweza kuchomolewa na kubadilishwa bila kuziathiri zilizobaki. Mwanaisimu hatapata taabu kulielewa wazo hili. Tukitaka kuipeleka ninasoma katika wakati ujao, tunaondoa -na- na kutia -ta-. Nafsi haiguswi, mzizi hauguswi. Hatulitupi neno zima tukaunda jingine kwa sababu wakati umebadilika. Mtumiaji wa simu yangu alitakiwa afanye hivyo hasa.

Wala tusidhani kwamba wazo hili lililetwa juzi kwa ndege. Jembe ni bapa na mpini. Mpini ukivunjika bapa husubiri mpini mwingine. Baiskeli nyeusi iliyowabeba baba zetu sokoni ilikuwa mkusanyiko wa vipuri: mnyororo, spoki, pedali, tyubu, kila kimoja kikiuzwa peke yake katika duka la kijijini. Nimeiona baiskeli ambayo, kwa maelezo ya mwenyewe, haikubakiwa na kitu cha asili isipokuwa fremu, na bado aliiita baiskeli ya marehemu baba yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni jiko la makaa lenye kiuno chembamba, ambalo limo katika nyumba nyingi za Kenya. Lilibuniwa humu nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likiwa limechotwa kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Lengo lilikuwa la kimazingira waziwazi, yaani kupunguza makaa yanayochomwa mijini na hivyo kupunguza miti inayokatwa vijijini. Jiko hili lina sehemu mbili kuu, ganda la bati na kikombe cha udongo uliochomwa kinachokaa ndani yake. Udongo huzuia joto lisipotee kupitia kwenye bati. Unapopasuka, na hatimaye hupasuka, ganda halitupwi. Mwenye jiko hulipeleka kwa fundi, naye hutoa vigae vilivyovunjika na kutia kikombe kingine kwa saruji kidogo.

Jambo linalonivutia hapa si udongo wala bati bali kipimo kilicho baina yao. Mfinyanzi anaweza kuwa upande mmoja wa nchi na fundi bati akawa Gikomba. Hawajuani, hawajawahi kusalimiana, ila wameafikiana kuhusu upana wa mdomo na wembamba wa kiuno. Mapatano hayo ya kipimo ndiyo moyo wa usanifu wa kimoduli. Kifaa chaweza kuwa na vipande mia, lakini ikiwa kipimo ni siri ya mtu mmoja, vipande hivyo havimfai mtu mwingine.

Huko Faza nako kulikuwa na somo. Miongoni mwa saa zilizonipotea kulikuwa na masimulizi kuhusu mtepe, chombo cha Wabajuni ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Bibi hakuwahi kusafiri ndani ya mtepe. Alisimulia aliyoyasikia kwa wakubwa wake, na alikuwa na ucheshi juu yake, maana chombo kile kilivuja sana na mabaharia hawakupumzika kukumba maji. Sikusudii kukipamba. Hata hivyo, kamba zilipolegea na kuoza, mafundi walifumua mshono wakashona upya, na ubao uliokuwa mzima ulirudi mahali pake. Walitambua kwamba kamba itakufa kabla ya ubao, wakauunda mtepe kwa namna iliyokubali kifo hicho.

Turudi kwenye simu, kwa kuwa huko nako historia ni fupi na yenye mafunzo. Wengi wetu tulianza na simu za Nokia za mapema miaka ya 2000. Nokia 1100, iliyotoka mwaka wa 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Kifuniko chake cha nyuma kilifunguka kwa kidole gumba, na ndani yake mlikuwa na betri iliyoandikwa BL-5C. Betri hiyo iliingia katika simu nyingine nyingi za kampuni hiyo, na baadaye redio ndogo zinazouzwa katika masoko yetu zikaundwa ziipokee. Nawajua wazee ambao simu zao zilikufa zamani lakini betri zake zingali zinawasomea taarifa ya habari.

Mnamo Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri za BL-5C takriban milioni 46, zilizoundwa na kampuni ya Matsushita ya Japani, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaja. Suluhisho likawa nini? Mwenye simu alitakiwa asome nambari ya betri yake, na ikiwa ni miongoni mwa zilizotajwa, apewe nyingine. Simu ilibaki mfukoni. Sasa tulinganishe na mwaka wa 2016, pale Samsung ilipogundua kwamba betri za Galaxy Note 7 zilikuwa zikiwaka moto. Betri hizo zilikuwa zimefungiwa ndani ya simu. Zikaitwa kwanza simu milioni 2.5, nzima nzima. Zile zilizotolewa badala yake nazo zikawaka. Na Oktoba mwaka huo kampuni ikaacha kabisa kuiunda simu hiyo. Ni kweli kwamba hitilafu ya 2016 ilikuwa kali kuliko ile ya 2007, na ni kweli pia kwamba baadhi ya simu hizo zilikuja kutiwa betri nyingine na kuuzwa tena huko Korea Kusini mwaka uliofuata. Pamoja na hayo, tofauti haijifichi. Katika kisa cha kwanza kasoro ya betri ilikuwa kasoro ya betri. Katika cha pili ilikuwa kasoro ya kila kitu.

Je, mazingira yanaingiaje hapa? Yanaingia pande zote mbili, pale simu inapoanzia na pale inapoishia. Tunapofikiria madhara ya chombo cha umeme, aghalabu tunafikiria umeme kinaoutumia. Kwa simu, hesabu haiko hivyo. Sehemu kubwa ya hewa chafu inayotokana na simu hutolewa kabla haijafika dukani, katika kuchimba madini, kuyayeyusha na kuunda vijiwe vyake. Maana yake ni kwamba simu iliyokwisha kuundwa ni deni ambalo dunia imeshalipa. Kila mwaka unaoongezwa kwenye uhai wake huligawanya deni hilo, na kila simu inayokufa mapema hulianzisha upya.

Na deni hilo hulipwa na watu tunaoelewana nao kwa lugha. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa pande za Kolwezi, ambako lugha ya sokoni na ya machimboni ni Kiswahili. Wamo humo wachimbaji wadogo wanaoingia mashimoni kwa sururu na mikono mitupu. Ningebadilishiwa betri peke yake, ningehitaji kobalti ya betri moja. Niliponunua simu nyingine nilihitaji kobalti hiyo hiyo pamoja na dhahabu, bati, shaba na vinginevyo, ambavyo vyote nilikuwa navyo tayari katika simu iliyolala mezani kwa fundi.

Upande wa pili wa safari uko karibu nasi zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilikadiria kwamba taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka wa 2022 zilifikia tani milioni 62, na kwamba ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sehemu ya zilizobaki yaonekana hapa hapa jijini, katika jaa la Dandora, ambako vijana huchoma nyaya ili wapate shaba iliyo ndani, moshi ukiwaingia wao kwanza na kisha shule na nyumba zinazolizunguka jaa. Mwenzangu mmoja huniambia kwamba jawabu ni kuchakata. Sipingi kuchakata, ila nauliza tunachakata nini. Kuisaga simu ambayo betri peke yake ndiyo iliyoharibika ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa sababu kengele yake imekatika.

Yamkini nitaonekana nimeuchukua upande mmoja bila kuyapima. Basi niyataje yanayonitatiza, maana yapo, na baadhi yake ni mazito.

Kwanza kuna hoja ya maji na wembamba: gundi huzuia maji kuingia, na wanunuzi wanapenda simu nyembamba. Hoja hii sioni kama ina uzito mkubwa. Saa za wapiga mbizi zimezuia maji kwa miongo mingi kwa kutumia mpira na mfuniko unaokazwa kwa mzunguko, na fundi wa saa huzifungua anapotaka. Ya pili ni nzito zaidi. Kifaa cha kimoduli huhitaji viunganishi vya ziada, na viunganishi hivyo huundwa kwa madini yale yale, dhahabu ikiwemo. Kwa hiyo simu ya kimoduli huanza maisha yake ikiwa na madhara makubwa kidogo kuliko ile iliyogandishwa. Itafidia tofauti hiyo iwapo tu itaishi muda mrefu zaidi. Ikibadilishwa baada ya miaka miwili kama nyingine, imetudhuru zaidi.

Na wako walioitumia moduli kama chambo. Mwaka wa 2016 kampuni ya LG ilitoa simu ya G5 ambayo sehemu yake ya chini ilichomoka, ikapokea vipande vya ziada vilivyouzwa kando. Simu iliyofuata, ya mwaka wa 2017, haikuvipokea tena. Walionunua vipande vile wakabaki na vikorokoro vya droo. Google nayo ilikuwa na mradi wa simu ya vipande ulioitwa Ara, uliotangazwa mwaka wa 2013 kwa shangwe nyingi. Mwaka wa 2016 ukasitishwa kabla simu haijafika sokoni. Vipande vingi bila kipimo kinachodumu ni taka zilizogawanywa mapema.

Hata kampuni ya Fairphone ya Uholanzi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyojaribu kwa dhati zaidi, ilijifunza kwa uchungu. Simu yake ya pili, ya mwaka wa 2015, ilikuwa ya ajabu: kioo chake kiliweza kutolewa kwa mikono mitupu. Lakini mwaka wa 2017 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba haingeweza tena kuendelea kutoa vipuri vya simu yake ya kwanza, ile ya mwaka wa 2013. Simu ilifunguka vizuri. Kilichokosekana kilikuwa cha kutia ndani. Na hapo sijataja programu, kwa sababu simu yenye vipuri vyote isiyopokea tena masasisho ya usalama nayo huwa imeanza kufa.

Mifano hii hainifanyi niliache dai langu, bali yanilazimu nilinyooshe. Kutengenezeka si sifa ya kifaa peke yake. Ni mapatano ya muda mrefu baina ya anayeunda, anayeuza kipuri, fundi na mtumiaji, kama yale ya mfinyanzi na fundi bati. Mapatano ya namna hii, pale ambapo mwenye kiwanda anapata faida kwa kuyavunja, hayajilindi yenyewe. Yanahitaji sheria. Ufaransa ilianza mwaka wa 2021 kuvitaka vifaa kadhaa vya umeme viuzwe vikiwa na alama, kwa kiwango cha kumi, inayoonyesha ni kwa wepesi gani vinaweza kukarabatiwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka wa 2023 kanuni inayotaka betri za vifaa vinavyobebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa katika hali maalumu, kuanzia tarehe 18 Februari 2027. Na mwaka wa 2024 ukapitisha maelekezo kuhusu haki ya kukarabatiwa bidhaa.

Kwetu Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inamtwika mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika. Ni hatua njema, ingawa msisitizo wake uko kwenye taka, yaani pale kitu kilipokwisha kufa. Mimi ningetaka tuulize swali la mapema zaidi, na naamini Katiba ya mwaka wa 2010 imetupa mlango wa kuliulizia. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Na kifungu cha 7 kinataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nivisomapo vifungu hivi vitatu pamoja, najiuliza: habari za namna ya kukifungua kifaa, kukitia kipuri na kukifunga tena zimeandikwa wapi kwa Kiswahili? Nimeifungua mikebe na masanduku mengi ya vifaa. Nimekuta Kichina, Kiarabu, Kireno. Kiswahili nimekikuta mara chache, na nilipokikuta kilikuwa kimefasiriwa na mashine isiyojua ngeli.

Hapa ndipo naomba niwaseme wenzangu, nami nikiwemo. Katika miaka ya karibuni uhakiki wa fasihi unaozingatia mazingira umetia fora katika idara zetu. Tumeandika tasnifu juu ya mito katika riwaya, misitu katika tamthilia, bahari katika ushairi. Kazi hizo zina thamani. Lakini tumeyafanya mazingira yawe miti na maji tu, tukizihesabu taswira za msitu kwa kompyuta ambazo hatujui zitazikwa wapi. Mhusika anayebeba jembe tunamchambua. Jembe lenyewe, na sababu ya mpini wake kuchomoka, hatuligusi.

Istilahi nazo zimetukimbia. Tumeketi katika makongamano tukijadili iwapo simu iitwe rununu au simu tamba, ilhali fundi wa Luthuli ana msamiati mzima usioandikwa na mtu. Ana neno la betri iliyovimba na neno la betri isiyotunza chaji. Ana neno la simu iliyokufa kabisa na la ile ambayo imezimia tu. Hutofautisha kipuri cha asili, kipuri cha kuiga na kipuri kilichotolewa katika simu nyingine, na tofauti hizo ndizo zinazoamua bei na uaminifu. Hakuna kamusi ninayoijua ambayo imemwuliza. Kazi ya kukusanya msamiati huo, kuupanga na kuufasiri mwongozo mmoja wa kukarabati kwa Kiswahili kinachoeleweka, inaweza kufanywa na wanafunzi kumi wa chama hiki katika likizo moja. Haihitaji ufadhili kutoka ng'ambo. Inahitaji daftari na subira ya kukaa kwenye kiti cha fundi.

Nilimwuliza yule kijana kwa nini hasomi miongozo ya Kiingereza iliyomo intanetini. Akaniambia husoma, ila picha ndizo anazozifuata; maneno huyaruka. Nikamwuliza mwongozo wa Kiswahili ungemsaidia nini. Akafikiri kidogo akasema ungemsaidia kumwonyesha mteja. Mteja akiona imeandikwa kwa lugha anayoielewa kwamba kioo chaweza kupasuka kikipashwa moto, hatadhani fundi amemharibia makusudi. Na huenda siku ya kununua simu nyingine akauliza dukani kama inafunguka. Jibu hilo lilinitia haya, kwa sababu siku ile kioo changu kilipopasuka, mimi mwenyewe nilikuwa nimemdhania vivyo hivyo.

Simu yangu iliyokufa ingali kwenye droo. Nimekataa kuiuza kwa wanaonunua bodi kwa kilo, nikitumai kwamba siku moja atapatikana fundi wa kukisoma kile kijiwe. Wakati huo huo nimenunua kinasa sauti cha mitumba. Ni kinene, ganda lake limekwaruzika, na kina skrubu nne mgongoni. Kinatumia betri mbili ndogo za dukani, na kadi yake ya kumbukumbu huchomoka kwa ukucha. Mwezi ujao nitarudi Faza. Bibi yule ana mdogo wake, naye nimeambiwa anavijua visa vile, ingawa husimulia kwa haraka zaidi.